Themostati Iliyoamini Redio

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa, hasha. Ni kwamba nchi yetu haipendi kutajwatajwa ovyo, na mimi Sikudhani binti Mfaume, mjane, mstaafu wa mapokezi ya simu, nimeishi nayo miaka sitini na saba bila kugombana. Wewe msomaji ukidhani umeitambua, hayo ni yako na macho yako.

Iko juu mno, nchi yetu. Miezi minne ya mwaka maji yanaganda ndooni, miezi minne jua linatukaanga bila mafuta, na miezi minne iliyobaki hakuna anayejua. Ndiyo maana serikali, kwa huruma yake, ilimfungia kila mwananchi mashine ya hewa ya kupasha na kupoza nyumba, na ukutani sebuleni ikamwekea themostati, kile kidude cha mraba kinachoipa mashine amri: sasa pasha, sasa poza, sasa nyamaza. Kidude kina lakiri nyekundu ya Wizara. Ukiivunja lakiri hiyo, miaka mitatu jela.

Zamani kidude kilionyesha joto la kweli la chumba. Kilikuwa na tabia hiyo mbaya. Mpaka mwaka ule Kiongozi wetu Mpendwa alipotembelewa na mgeni wa heshima kutoka nje, na mgeni akatupa jicho ukutani, akasoma nyuzi tano, akaomba aletewe koti lake. Aibu gani hiyo, jamani! Kesho yake Wizara ya Joto, Baridi na Hali Nyinginezo ikatangaza kuwa kuanzia siku hiyo nyuzi za nchi nzima zitapangwa makao makuu, zitasomwa redioni saa moja asubuhi, na themostati zote zitaonyesha hizo hizo. Zikapangwa ishirini na sita. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, kipupwe na kiangazi ni ishirini na sita, na tunashukuru.

Na sisi tukavaa kwa mujibu wa tangazo. Wanaume shati la mikono mifupi, wanawake gauni jepesi na kanga moja begani. Ukiingia kwa mtu unasema, "Joto hilo!" naye anakujibu, "La serikali!" halafu unajipepea kidogo kwa kiganja, ndiyo adabu. Asiyejipepea huulizwa maswali. Majiko ya mkaa yalipigwa marufuku mwaka wa pili, maana nani anataka mkaa kwenye joto lote hilo? Lakini ndani kwa ndani kidude bado kilihisi hali halisi, na kwa siri kiliiambia mashine ipashe kidogo. Usoni kilisema uongo na moyoni kilifanya kazi, kama watumishi wengi wa umma ninaowafahamu. Kwa hiyo tuliishi.

*

Mwaka huu, katikati ya kipupwe, mwanangu Mwatumu alipasuliwa akazaa mtoto wa miezi saba. Wa kike. Tukamwita Kidawa. Alikuwa na kilo moja na nusu, ngozi nyembamba mpaka unaona mishipa, na vidole ambavyo ungedhani vitakatika ukivishika. Baba yake yuko kusini kwenye kazi ya mkataba, ruhusa hakupewa, maana fomu ya ruhusa haina sehemu ya kuandika mtoto aliyezaliwa kabla ya tarehe.

Hospitali walituweka siku tisa, siku ya kumi kitanda kikatakiwa. Nesi aliyetutoa aliangalia huku na huku kwanza.

"Bibi, nisikilize vizuri. Mtoto huyu hana mafuta mwilini, hawezi kujitia joto mwenyewe. Chumba kiwe nyuzi thelathini."

"Kwetu ni ishirini na sita, mwanangu, kama kwa watu wote."

"Thelathini za kweli, Bibi." Akanishika mkono, akaubana. "Akipoa ataacha kunyonya. Akiacha kunyonya, hamalizi siku mbili. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Tulifika nyumbani saa nne asubuhi, nikasukuma mlango, na upepo ukanipiga usoni. Nikadhani dirisha limeachwa wazi. Halikuwa dirisha. Ilikuwa mashine yangu, katikati ya kipupwe, inapuliza baridi kwa nguvu zake zote, na ukutani kidude kimetulia kabisa: ishirini na sita.

Mwatumu akamweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama alivyofundishwa. Lakini naye alikuwa na mshono mbichi, damu imempungua, meno yanagongana. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa zote za nyumba hii, nikazipanga kuwazunguka, nikawafunika mablanketi matatu niliyokuwa nimeyaficha chini ya godoro kama watu wote. Halafu nikavaa gauni langu jepesi, nikaenda Ofisi ya Joto ya Kata.

*

Ofisa wa Joto wa kata yetu anaitwa Ndugu Pazi. Kijana mpole, ameoa juzijuzi. Nilimkuta nyuma ya meza na shati la mikono mifupi, midomo imekuwa ya bluu.

"Joto hilo!" nikasema, nikajipepea.

"La serikali. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwanangu, themostati yangu imeharibika. Nataka nyingine, leo, nina mtoto njiti ndani."

Akafungua daftari. "Inasoma ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Basi ni nzima."

"Inapuliza baridi!"

"Hiyo baridi umeipima na nini, Bibi?"

Hapo akanipata, maana kumiliki kipimajoto ni kosa. "Nimeipima na mwili."

"Mwili hausajiliwi."

"Haya. Niambie basi, ikiharibika inasoma ngapi?"

"Haiwezi kusoma namba nyingine. Namba inatoka makao makuu."

"Kwa hiyo mbovu inasoma ishirini na sita."

"Ndiyo."

"Na nzima inasoma ishirini na sita."

"Umeelewa upesi sana, Bibi. Wengine tunawaeleza mpaka adhuhuri."

Mimi si mtu wa hasira. Muulize yeyote mtaani. Lakini niliushika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili. Pazi akaona, akanisukumia karatasi mbele yangu: Maombi ya Kubadilishiwa Themostati Isiyo na Tatizo. Penye sababu ya kuomba palikuwa na kisanduku kimoja tu cha kutia alama, nacho kimeandikwa "Kuboresha Zaidi". Nikaboresha zaidi. Nikaandika jina la mtoto, nikaandika kilo zake, ingawa hakuna aliyeuliza.

Wakati anapiga mhuri kalamu ikamponyoka, ikaanguka upande wangu. Nikainama. Chini ya meza, kuanzia kiunoni hadi kwenye viatu, Ofisa wa Joto alikuwa amejiviringisha blanketi zito la kijivu.

Nilipoinuka tukatazamana.

"Nina kifua, Bibi," akanong'ona. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Mimi sijaona kitu, baba. Ila mtoto wangu hana meza."

Akasema kwa kawaida maombi huchukua miezi mitano, lakini atanifanyia mpango, kamati ije kesho asubuhi.

*

Kamati ikaja kweli, na kwa wakati, nami nikaona hiyo ni bahati. Kumbe. Walikuwa sita na magari mawili. Makoti waliyavua ndani ya magari. Mkono wa koti moja ulibanwa na mlango ukabaki unaning'inia nje, watu wote wakajifanya hawauoni. Aliyewaongoza ni Mkurugenzi wa Nyuzi, mtu mnene mwenye sauti ya kengele. Akaingia, akasema joto hilo, tukajibu, kamati nzima ikajipepea.

"Ndugu wananchi wa sebule hii!" akaanza. Tulikuwa wawili na mtoto. "Wizara inatambua kiu yenu ya kuboreshewa. Wapo maadui wanaodai kwamba nchi hii ina ba... ba... ba..." Meno yalikuwa yanagongana, neno haliishi. Mwandishi wa kamati akaandika: Mkurugenzi alisisitiza jambo hilo mara tatu.

Wakaisogelea themostati. Wote sita wakaisoma, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akatia saini. Mimi nikawa nawasihi. Nikamwambia Mkurugenzi aweke tu kiganja mbele ya tundu la hewa, asiseme lolote, aweke tu. Akaficha mikono nyuma. Ndipo macho yake yakamwangukia Mwatumu kwenye kochi.

"Na hiki nini? Mtoto mchanga ndani ya mablanketi matatu? Kwenye nyuzi ishirini na sita? Mnamchemsha?"

"Mheshimiwa, mtoto anapoa," Mwatumu akasema. Sauti ilikuwa haitoki.

"Huu ni ukatili dhidi ya watoto! Mvueni!"

Mwanamama mmoja wa kamati akanyoosha mkono. Nami nikajikuta nimesimama kati yao, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Ukimgusa mtoto huyu nakung'ata." Nilisema hivyo, mimi, mwenye cheti cha utumishi mwema cha miaka thelathini! Na ningemng'ata, wallahi. Yule mama akarudisha mkono wake taratibu.

Wakajadiliana kwa minong'ono pale mlangoni. Kisha Mkurugenzi akasoma uamuzi. Nyumba hii ina joto la kupindukia, kiasi cha kuwapandisha wakazi wake mori. Maombi ya kubadilishiwa yamekataliwa. Na kwa kuwa Wizara inamjali mtoto, fundi wa kamati aongeze upozaji kwa ufunguo maalumu. Fundi akaongeza. Mapazia ya madirisha yakaanza kupepea. Maji ya barafu niliyowaandalia kwa adabu hakuna aliyeyagusa, wakakimbilia magarini.

Saa nane mchana ule Kidawa aliacha kunyonya. Mwatumu alimpa ziwa, mtoto akaligeuzia uso. Akampa tena. Midomo yake midogo ilikuwa imeingia rangi ya zambarau mbivu, na miguu, hata ndani ya mablanketi, ilikuwa baridi. Halii. Heri angelia.

"Mama," Mwatumu akaniambia, "mama, fanya kitu."

Nimezika mume, nimezika watoto wangu wawili wa kwanza. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mchana ule.

*

Nyuma ya mtaa wetu anakaa mzee mmoja, Fundi Magoti. Zamani alikuwa fundi mkuu wa Wizara. Alifukuzwa mwaka wa pili wa ishirini na sita kwa kosa la kupiga chafya kwenye paredi. Siku hizi anatengeneza redio, na watu hawamsalimii hadharani. Nilimfuata nikikimbia, kwa magoti haya ya miaka sitini na saba. Sikujipepea mlangoni.

"Fundi, mtoto anakufa kwa baridi."

Kwamba baridi inaua, jambo hilo nilikuwa sijalitamka kwa sauti miaka kumi na tisa. Mzee akainamia gunia la maharage pembeni, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa. Themostati ya zamani, ya duara, yenye mshale.

Kufika kwangu akazima umeme kwenye swichi kubwa, na kwa mara ya kwanza mashine ikanyamaza. Akasimama mbele ya kidude, bisibisi mkononi, akanitazama.

"Bibi Sikudhani, sheria inamtaja anayevunja lakiri. Anayefunga waya haimtaji."

Nikachukua kisu cha kukatia vitunguu, nikaivunja mwenyewe. Ilitoa sauti ndogo, na hakuna kilichotokea, mbingu haikuanguka. Magoti akafungua skrubu mbili, akakivuta kidude ukutani, na nyuma yake zikatokea nyaya nne. Akaniomba plasta. Nikampa ile tuliyopewa hospitali ya kufungia mshono, akaikata vipandevipande, akakiviringisha kila kipande kwenye waya wake na kukiandika kwa kalamu kabla hajalegeza chochote.

"Nyekundu ndiye umeme. Nyeupe ndiye joto. Njano ndiye baridi. Kijani, feni. Ukichanganya nyeupe na njano umemuua mtu, kwa hiyo sina haraka."

"Mimi ninayo!" Nilikuwa karibu kumpiga.

Akakipindua kidude cha serikali, akachungulia ndani, akacheka kicheko kikavu. "Unajua kimepatwa na nini hiki? Kimeanza kuamini redio. Wenzake wanatangaza ishirini na sita huku wanajua ni uongo, kwa hiyo wanapasha chinichini. Hiki chako kimesadiki. Kinadhani humu mna joto, kinawapoza kwa moyo safi kabisa."

Akabana nyaya nne kwenye kile cha duara, akakisawazisha ukutani kwa jicho, akaenda kurudisha umeme. Mshale ukatikisika, ukashuka, ukasimama. Mwatumu akasogea na mtoto kifuani kuusoma.

"Saba," akasema. "Mama, ni saba." Akaanza kulia kwa sauti. Sijui alikuwa analia nini hasa. Nadhani ni kwamba kumbe si yeye aliyekuwa na kasoro.

Magoti akazungusha kidude mpaka thelathini. Mashine ikakohoa, ikanuka vumbi lililoungua, na hewa ya moto ikaanza kushuka juu yetu. Tulikaa sakafuni chini ya tundu lile sote watatu, na mtoto wa nne, tukitazama mshale. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Ulipofika ishirini na saba Kidawa akatikisa kichwa, akatafuta ziwa, akalikamata. Fundi Magoti aligeukia ukutani, akajifanya anakaza skrubu.

*

Siku nne zilipita njema. Ya tano akaja Ndugu Pazi. Aliingia, akafungua mdomo aseme joto hilo, ukabaki wazi.

"Bibi, ile ya mshale ni nini?"

"Saa."

"Saa ya nyuzi?"

"Kaa chini, Pazi."

Akakaa. Akavua viatu bila kuombwa. Baada ya muda akasema, huku amefumba macho, kwamba ameleta habari mbaya. Taarifa ya kamati imefika juu. Imeandika kwamba nyumba namba kumi na nne ina joto la kupindukia, na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Ntimbwa, ameipenda. Kesho saa nne asubuhi atazindulia hapa themostati mpya za taifa, redio ikirusha moja kwa moja.

Tukapanga. Kila mtu nchini anajua kwamba waziri aliyesema saa nne anafika saa nane. Akifika saa sita watu hudhani amefukuzwa kazi. Basi Magoti angekuja saa tano, arudishe kidude cha serikali, lakiri ipakwe gundi, mtoto avumilie uzinduzi chini ya mablanketi, wakiondoka tunarudisha mshale. Mpango safi kabisa. Ila hatukuwaza jambo moja, kwamba waziri naye ana nyumba, na nyumba yake ina baridi, na amesoma kwamba kwangu kuna joto.

Alifika saa tatu na nusu.

Akaingia na shati la mikono mifupi, nyuma yake fundi, walinzi, mtangazaji wa redio na kipaza sauti chake, na meza yenye themostati mpya iliyofunikwa kitambaa cha mahameli cha rangi za bendera. Hatua ya tatu akasimama. Akainua uso kama mtu aliyesikia harufu ya chakula cha mama yake.

"Joto hilo," akasema polepole.

"La serikali," tukajibu.

"Ndugu wananchi," akaanza, kipaza sauti mdomoni. "Leo... leo, ndugu wananchi..." Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akaligusa kwa kidole, akalitazama. Akakaa kwenye kiti changu. Akafumba macho, na kimya kikatanda nchi nzima.

"Mheshimiwa anatafakari," mtangazaji akanong'ona kwenye kipaza sauti.

Angetafakari mpaka jioni. Ni fundi wake aliyeharibu, kwa kupiga kelele, "Mheshimiwa, hapa pana mshale!"

Waziri akafumbua macho. Mtangazaji akaweka kiganja juu ya kipaza sauti.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema. Magoti hakuwepo, na nilishukuru.

"Hii inasoma thelathini. Umezidisha nyuzi nne za taifa. Unajua hiyo ni nini?"

"Ni mjukuu wangu, Mheshimiwa. Yuko hai kwa sababu ya hizo nne."

Akatazama pembeni. Akamwamuru fundi aondoe ya mshale na kuitia kwenye mkoba wake, mkoba wa Waziri, kama kielelezo, ataichunguza nyumbani kwake yeye mwenyewe, kwa muda mrefu. Kisha kitambaa cha mahameli kikavutwa, walinzi wakapiga makofi, na themostati mpya ikapanda ukutani. Mtangazaji akaeleza taifa uzuri wake. Hii haihisi chumba hata kidogo, akasema. Inapokea namba kutoka makao makuu na kuitii moja kwa moja, na mwezi ujao itafungwa katika kila nyumba nchini.

Ikawaka. Ishirini na sita. Mashine ikakoroma, na upepo wa baridi ukatushukia utosini.

Mwatumu alinitazama, na Kidawa akatoa kilio chembamba kama cha paka. Nikamchukua mtoto na mablanketi yake, nikavuka sebule, nikamweka mikononi mwa Waziri kabla walinzi hawajajua nafanya nini. Akampokea. Watu wote humpokea mtoto, ni mikono yenyewe.

"Mheshimiwa," nikasema kwa sauti ya mapokezi ya simu, ile inayofika mbali, na mtangazaji akasahau kuziba kipaza sauti. "Kamati yako ilituamuru tumvue mtoto, kwa kuwa humu mna nyuzi ishirini na sita. Mimi nimeshindwa, na mama yake ameshindwa. Ninyi ndio wenye joto. Mvue wewe."

Waziri alimtazama Kidawa. Sijui kama amewahi kubeba kitu chepesi hivyo. Mkono wake wa kulia ulikwenda mpaka kwenye fundo la blanketi, ukalishika. Mashine inapuliza. Mtoto akafumbua macho, akapiga miayo. Vidole vya Waziri vilikuwa vinatetemeka, na hakuna aliyeandika kwamba anasisitiza.

Mtangazaji alikuwa na kazi moja tu duniani, kutokuacha kimya hewani. Akatutazama, akamtazama bosi wake. Kisha akasema alichokiona.

"Mheshimiwa Waziri ameacha fundo. Amechukua kitambaa cha uzinduzi... anamfunika mtoto. Ndugu wasikilizaji, Mheshimiwa Waziri anamfunika mtoto."

Redio ikakatika, ikaanza kupiga muziki wa bendi ya polisi. Nje, nyumba baada ya nyumba, nilisikia milango inafunguka. Waziri hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba maji, "Rudisha ile mbovu."

"Ipi, Mheshimiwa?" fundi akauliza.

"Ile mbovu! Ya mkoba! Upesi!"

*

Sasa ni mwezi. Mtangazaji anatangaza mechi za shule huko wilayani. Kesi yangu ya lakiri imeahirishwa mpaka hali ya hewa itakaporuhusu. Kidawa ana kilo mbili na nusu na hasira kama zangu.

Wizara ilitoa tamko kwamba themostati zote nchini ni nzima isipokuwa moja, ya nyumba namba kumi na nne, ambayo ni mbovu na itaachwa hivyo kama kumbukumbu. Kesho yake foleni kwa Ndugu Pazi ilizunguka jengo mara mbili. Kila mtu anasema, "Naomba mbovu." Wameambiwa mbovu zimekwisha. Na zile mpya, zinazotii, zinafungwa sasa mtaa kwa mtaa, na mashine zinapuliza.

Kwa hiyo wanakuja kwangu. Wa kwanza alikuwa mama mwenye mapacha wa miezi saba, nikamwambia apite, angekwenda wapi? Wa pili akapita. Chumba kinachukua watoto sita na mama zao. Wakizidi, mlango haukai umefungwa, mshale unashuka mpaka ishirini na mbili, na wale wadogo kabisa wanaanza kubadilika midomo. Tulijaribu saba. Tuliona kilichotokea kwa yule wa saba, na sitaki kukieleza.

Basi nimenunua daftari. Asubuhi natoka mlangoni, nimevaa gauni langu jepesi, nawakuta wamejipanga mpaka kwa jirani, vichanga vifuani. Leo nafasi ilikuwa moja. Wa mbele alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, midomo imepasuka, akanisalimia kwa heshima zote.

"Ana kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Mbili, Bibi."

Nikatazama foleni nyuma yake. Kulikuwa na mtoto wa kilo moja na nusu. Nikaandika jina la yule binti kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, nikamwambia wake ni mkubwa, asubiri.